Tairi Lililoliwa Upande Mmoja

Watu walimwita Kinyaa, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye leseni ya gereji na kinywani mwa dada yake, basi. Alikuwa ametengeneza pikipiki kwa miaka ishirini na sita huku hawezi kuvumilia uchafu, jambo ambalo ni sawa na mchinjaji anayeogopa damu, lakini ndivyo alivyoumbwa na hakukuwa na mahali pa kumrudisha akabadilishwe. Ovaroli yake ilipigwa pasi. Mlangoni pa gereji palikaa ndoo mbili, moja ya kuoshea mikono na ya pili ya kusuuzia, na ole wake aliyechovya mkono wenye grisi kwenye ile ya pili. Kila asubuhi alipiga deki sakafu ya saruji, akasimama kuitazama ikikauka, na hizo ndizo dakika pekee za siku alizozifurahia.

Baada ya hapo walianza kuingia wenye pikipiki. Walileta nati zilizotafunwa kwa koleo mpaka zikawa duara. Walileta mafuta ya injini meusi yaliyonuka kama sufuria iliyoungua. Walileta taa zilizofungwa kwa kipande cha soksi, na soksi yenyewe haijafuliwa. Halafu wanasema, "Fundi, angalia kidogo tu," kama vile uchafu wa mwaka mzima una kidogo chake. Kinyaa alisonya, akafuta mikono, akasonya tena. Wateja walikwishazoea. Kuna waliokuja kusikia tu leo atasema nini.

Aliyemchukia kupita wote alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye yeye mwenyewe alimbatiza Waya na jina likashika. Waya alifunga kila kitu kwa waya. Kibao cha namba kimeanguka, waya. Bomba la moshi limekatika, waya. Kinyaa alikuwa hawezi kutazama upande ule bila uso kumkunjamana, na kila pikipiki iliyomshinda alisema imepita kwa Waya kwanza.

Kwa miezi tisa sasa alikuwa akifanya kazi na kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye kitambi na moyo mwepesi, ambaye zamani alikuwa fundi bomba. Kazi za mabomba zilipokauka, mke wa Kinyaa alisema neno moja tu mezani, "Ndugu yangu," na mumewe akaelewa. Mtaa mzima ukamwita Shemeji, hata watu wasio na undugu naye wowote. Shemeji hakuona kinyaa na kitu. Angeweza kula chapati huku mkono mwingine umo ndani ya injini. Kinyaa alipoliona hilo siku ya kwanza alitoka nje akavuta hewa, kisha akarudi akiwa na wazo, na wazo lenyewe lilimpendeza sana.

Upande wa kulia wa pikipiki hauna shida kubwa. Kuna breki, kuna bomba la moshi, vitu vya kupanguswa. Mnyororo uko kushoto, na mnyororo ndio jehanamu. Grisi inarushwa, vumbi linanasa kwenye grisi, manyoya ya kuku yananasa kwenye vumbi, na vyote hivyo vinaganda pale mwishoni mwa mkono wa chuma unaoshika gurudumu. "Kulia ni kwangu," Kinyaa alimwambia. "Kushoto ni kwako." Shemeji alikubali bila neno. Tangu siku hiyo, Kinyaa hakuinama tena upande wa kushoto wa pikipiki yoyote, na alianza kunenepa kidogo kwa raha.

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, dada yake aliingia akiikokota pikipiki yake badala ya kuiendesha. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mkunga wa kituo cha afya, mwanamke mwembamba aliyetembea haraka na kuongea polepole. Pikipiki ilikuwa ya kituo. Aliitumia kwenda kwa akina mama wa mbali, wale wa huko juu ng'ambo ya daraja la mbao ambao wakianza uchungu hawana gari wala njia ya gari.

"Tairi la nyuma tena, kaka," alisema.

"Lile la mwezi wa pili?"

"La mwezi wa pili lilishakufa. Hili ni la tatu. Matairi matatu kwa miezi saba."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa fomu ya kituo, imepigwa mhuri juu, na chini yake palikuwa na sehemu ya fundi: Sababu ya uharibifu, kisha mistari minne mitupu, kisha sahihi.

"Mkuu wa kituo anaitaka saa sita mchana leo," alisema. "Kashasema mwenyewe mbele ya watu kwamba mimi ndiye ninayelimaliza tairi. Eti siwezi kuendesha. Ukiandika ni mwendeshaji, pikipiki anapewa karani apelekee barua, na mimi narudia kwenda kwa miguu. Nina akina mama kumi na mmoja wanaojifungua kabla mwezi haujaisha."

Kinyaa aliipokea ile karatasi kwa ncha za vidole, maana ilikuwa na doa la chai. Alijisikia vibaya, kwa kuwa tairi la kwanza lilipoliwa yeye ndiye aliyesema kosa ni la dada. Hakuchuchumaa siku ile, alitupa jicho tu kutoka kwenye kiti akamwambia: unakaa upande, sogea kushoto kiasi cha kiganja. Tairi la pili alisema ni Waya.

"Waya kaigusa hii?" aliuliza sasa.

"Kaka, nimekwambia mara ngapi? Haijaguswa na mtu mwingine. Wewe tu."

Basi akaisimamisha kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likaning'inia, na akaanza kazi kama inavyotakiwa kuanzwa. Tairi lilichukiza kulitazama. Upande wa kushoto michoro ilikuwa bado mirefu, mtu angesema limenunuliwa juzi. Upande wa kulia ulikuwa kipara kitupu, na pembezoni nyuzi za ndani zilianza kuchungulia, chafu, kama fizi za mtu asiyepiga mswaki. Kinyaa alisonya. Akapima upepo: sawa. Akalizungusha gurudumu kwa kidole huku ameshikilia bisibisi karibu na rimu aone kama linacheza: halichezi. Akazigonga spoki moja moja, zote zikaimba sauti moja. Akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa asikie beringi: kimya. Akazitazama shokapu mbili, zote zimefungwa kwenye kipimo kilekile. Kisanduku cha dawa kilikaa katikati ya keria barabara kabisa, kwa sababu alikifunga yeye.

"Labda ni barabara?" aliuliza Shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye kopo la rangi akinywa chai.

"Barabara inakula kote," alisema Kinyaa. "Haichagui kulia."

Akaweka kiganja juu ya mpira, jambo alilochukia, na kuupapasa kuelekea mbele. Uliteleza vizuri. Akaurudisha mkono nyuma, na mpira ukamkwaruza, vijino vidogo vidogo kama vya msumeno. Tairi linaloliwa kwa sababu ya uzito halifanyi vijino. Vijino hutokea gurudumu linapokokotwa kimshazari, yaani pikipiki inakwenda mbele na gurudumu lenyewe linatazama pembeni, linajisugua kwenye barabara kila hatua.

Gurudumu la nyuma hushikwa na mikono miwili ya chuma, wa kulia na wa kushoto. Mwishoni mwa kila mkono kuna nati ambayo ukiizungusha gurudumu linavutwa nyuma na mnyororo unakaza. Lazima zizungushwe sawasawa. Ili mtu asipotee, kila mkono umechongwa alama, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuzihesabu. Kinyaa alihesabu za kulia, kwake, ambako chuma kilikuwa safi kinang'aa. Alama ya saba.

Kisha akazunguka upande wa kushoto.

Tuseme ukweli, alichungulia akitaka kugeuka aondoke. Hapakuwa na alama. Palikuwa na donge. Grisi juu ya grisi, tabaka juu ya tabaka, nyeusi, imechanganyika na mchanga, kipande cha mfuko wa plastiki, na unywele mrefu wa mtu ambaye huenda hata hayuko tena duniani. Lilinuka. Aliomba bisibisi kubwa na gazeti, akapiga goti juu ya gazeti, akaanza kukwangua, na kila kilichodondoka alikitazama kikidondoka kama mtu anayetazama adhabu yake. Dada yake alisimama nyuma yake. Ilichukua muda. Hatimaye chuma kikaonekana, akafuta kwa kitambaa, akahesabu, akafuta tena, akahesabu tena.

Alama ya tatu.

"Shemeji," aliita. "Hebu njoo. Leta spana yako ya cheni."

Shemeji akaja anafuta mdomo.

"Tukikaza cheni, mimi nakwambia nini?"

"Unaniambia mbili."

"Halafu?"

"Nafanya mbili. Nabonyeza cheni, kama bado inalegea nakwambia bado, unasema mbili tena."

"Nionyeshe hiyo mbili."

Shemeji aliinama upande wake wa kushoto kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. Kule nati imebanwa na kifuniko cha mnyororo, spana haiwezi kuzunguka. Akaipachika, akavuta mpaka ikagonga kifuniko, akaitoa. "Moja," alisema. Akaipachika tena, akavuta, ikagonga. "Mbili. Kama kwenye bomba. Fundi bomba akikwambia mbili, ni mivuto miwili, ukizidisha unapasua."

Kinyaa alirudi upande wake wa kulia, ambako hakuna kifuniko wala kizuizi, akaishika nati yake kwa spana ya duara, akazungusha mzunguko mzima, kisha mzunguko mzima wa pili. Mbili. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyokuwa akifanya kwa miaka ishirini na sita, na kila alipozungusha mizunguko miwili kamili kulia, mwenzake alikuwa akivuta robo na robo kushoto. Cheni ikibaki legelege, anaambiwa bado, na yeye anasema mbili tena. Kwa miezi tisa walikuwa wakiitana neno moja kutoka pande mbili za gurudumu, kila mtu na maana yake, na gurudumu likigeuzwa shingo kidogo kidogo.

Zamani asingekosa. Zamani alitandaza uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, akapima kwa jicho. Lakini uzi unaburuzika chini, unarudi mweusi, unampaka vidoleni. Shemeji alipokuja, uzi uliwekwa kando.

"Kumbe," alisema Shemeji, na tabasamu likamtoka taratibu. "Shemeji, mimi nilidhani..."

"Si wewe."

Alisema hivyo kwa sababu wateja wengine walikuwa wameanza kumjia kichwani, mmoja baada ya mwingine, na hakutaka. Muuza mikate aliyekuja na tairi limeliwa kulia, akamwambia anapanga makreti vibaya. Mwalimu wa hesabu, mtu mnene mwenye haya, aliyemwambia mbele ya wateja watano kwamba tairi haliwezi kubeba makalio yale. Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha hakurudi tena, na Kinyaa alisema bora, kiti chake kilinuka jasho. Matairi yote yale yalipita mkononi mwake. Hakuna hata moja lililopita kwa Waya.

Alijionea kinyaa. Kilikuwa kilekile anachokisikia akiona maji ya ndoo ya pili yamechafuliwa. Alikwenda kunawa, na maji hayakumsaidia.

Shemeji alimfuata mlangoni akanong'ona. "Andika tairi lilikuwa bovu kiwandani. Tairi halina mdomo. Dada anabaki na pikipiki, sisi tunabaki na wateja, tunaanza kukaza vizuri kuanzia leo. Nani kaumia?"

Lilikuwa shauri zuri, na ubaya ni kwamba Kinyaa alilipenda. Kwa muda wa kumaliza kufuta kidole kimoja hadi kingine alishalikubali moyoni, na hata maneno ameyapanga: mpira dhaifu, mchanganyiko hafifu. Mkuu wa kituo angeamini. Kisha akakumbuka kwamba tairi bovu linabadilishwa tu, na la nne litakuja, na mkuu yule atauliza kwa nini matairi yote mabovu ya dunia yanamfuata mwanamke mmoja. Akamtazama Shemeji usoni, akaona mtu anayemtakia mema, na akaona pia jinsi yeye mwenyewe alivyo mwepesi wa kupaka wengine uchafu ili mikono yake ibaki safi. Akasonya, safari hii msonyo haukuwa wa mtu mwingine.

Aliiweka fomu juu ya meza, akaandika polepole kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mbaya. Gurudumu la nyuma halikukazwa sawa. Kulia alama ya saba, kushoto alama ya tatu. Kosa ni la fundi. Mwendeshaji hana kosa lolote. Mistari minne ilitosha. Akatia sahihi kwa jina lake kamili, lile ambalo mtaa haulijui.

Dada yake aliisoma amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

Alikaa kwenye lile kopo la rangi, karatasi magotini. Kinyaa alitegemea atamsema, na angependa amseme.

"Kuna akina mama wanne niliwaambia watafute mkunga mwingine," alisema kwa ile sauti yake ya polepole. "Wa huko juu. Pikipiki ilikuwa inaniteleza kwenye zile kona za daraja, nyuma inakimbia yenyewe. Nikajua ni mimi, siwezi. Wewe ulishaniambia nakaa vibaya, na wewe ni fundi. Nikaona heri wapate mtu anayejua kuendesha kuliko nianguke njiani na wao wanasubiri."

"Walipata?"

"Wawili walipata. Mmoja walimbeba kwa kitanda hadi kituoni, akajifungulia getini. Wa nne sijauliza."

Shemeji alitoka nje akajitia anapanga spana. Kinyaa aliweka kitambaa chake mezani.

Akalifungua gurudumu. Alikwenda kuutafuta uzi, akaupata nyuma ya makopo, akautandaza pande zote mbili, akalala chini kwenye saruji na ovaroli yake ya pasi, na akakaza kulia na kushoto kwa mkono wake mwenyewe mpaka uzi ukagusa sawa mbele na nyuma. Grisi ilimfika kwenye viwiko. Alinusa na alichukia, na aliendelea.

"Imenyooka," alisema alipoinuka. "Tairi tutabadilisha kesho, kwa leo litakufikisha."

"Kesho nitapeleka kwa yule wa ng'ambo," alisema dada yake. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa. "Usikasirike, kaka."

"Kwa Waya?"

"Angalau yeye ninaona alichofunga."

Alikunja fomu akaiweka mkobani. Ilikuwa saa tano na nusu. Akapanda pikipiki, akaiwasha, na Kinyaa aliyekuwa amesimama nyuma yake akaona kitu ambacho kwa miezi saba hakukiona kwa kuwa hakutazama: dada yake alikuwa amekaa kushoto ya kiti, kiasi cha kiganja, bega moja limeinuka, mgongo umepinda ili kusawazisha.

"Kaa katikati," alimwambia. "Sasa unaweza kukaa katikati."

Alisogea kulia. "Hapa?"

"Zidi kidogo."

"Hapa?"

"Hapana, umepitiliza. Rudi."

Akarudi, akatulia, akasogea tena. Kisha akaacha kusogea, akashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele barabarani.

"Sijui tena katikati ni wapi," alisema, akaondoka vilevile amekaa upande.